Mama Mwalimu Anajibu: Ubaoni hakunyeshi mvua

Mwezi huu nina barua nne, zote za Lubumbashi. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu walimu wengi wananiuliza jambo hilohilo wakinikuta sokoni. Majina ya waandishi nimeyaacha, kama kawaida.

Jambo Mama Mwalimu. Ninafundisha sayansi mwaka wa saba na wa nane katika shule moja ya Katuba. Nina watoto 68 katika darasa moja na maabara hatuna. Mwaka jana nilifundisha mabadiliko ya tabianchi kama programu inavyotaka: nikaandika ubaoni, wakanakili, mtihani wakaufanya vizuri. Baada ya wiki mbili nikawauliza tena, mmoja akasema hayo ni mambo ya Wazungu na barafu yao. Tarehe 5 Desemba, siku ya mti, tulipanda miti 30 uani, prefe, mkuu wa shule, akapigwa picha. Kufika mwezi wa nane ilibaki mitatu. Nifanye nini watoto hawa waguswe, tena wafanye kitu cha kweli? — Mwalimu, Katuba

Jambo sana, mwalimu. Huyo mtoto wa barafu mwongezee pointi, amelieleza vizuri somo alilopewa. Picha ya kwanza tunayomwonyesha ni dubu mweupe juu ya kipande cha barafu, halafu tunashangaa kwamba mtoto wa Katuba, ambaye barafu anaiona kwenye friji siku umeme unapokuwepo, hamwonei huruma dubu. Ana miaka 13. Ana mambo yake.

Kwa miaka niliyofundisha umri huo nilijifunza kwamba hotuba inawachosha upesi, hata iwe nzuri. Kazi ambayo jibu lake hata mwalimu halijui, hiyo haiwachoshi. Na wewe unayo kazi ya namna hiyo juu ya paa la darasa lako, inaanza mwezi wa kumi au wa kumi na moja na kuisha mwezi wa nne. Pimeni mvua.

Chupa ya plastiki ya lita moja na nusu inatosha, ila chagua iliyonyooka, isiyo na kiuno. Ikate chini ya mabega, kipande cha juu kigeuze mdomo uangalie chini, kikae ndani kama mrija wa kumiminia. Kitako cha chupa hakiko sawa, kwa hiyo jaza changarawe, kisha maji mpaka pale pande zinapoanza kunyooka. Hapo ndipo sufuri. Bandika rula kuanzia hapo. Iweke mahali pa wazi, mbali na ukuta na mwembe. Umbali uwe angalau mara mbili ya urefu wa kile kinachoweza kuikinga. Tengenezeni mbili, kwa sababu moja itaibwa.

Kila asubuhi saa ileile, kabla ya kupanga mistari, watoto wawili wa zamu wanasoma, wanaandika katika buku, wanarudisha maji kwenye sufuri. Jumamosi na Jumapili mpe kazi mtoto anayekaa karibu na shule. Na mvua isiponyesha waandike 0. Hapo utapigana nao kidogo, maana wataona ni upuuzi kuandika kitu ambacho hakikutokea. Shikilia. Buku lenye mapengo halisemi kama mvua haikunyesha au mtoto hakuja.

Sasa hesabu, ambayo ndiyo ninayoipenda. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 katika kila mita ya mraba. Wapime darasa lao: tuseme ni mita 8 kwa 7, yaani mita 56 za mraba. Mvua moja nzuri ya milimita 30 inaangusha juu ya paa hilo lita 1,680. Gawanya kwa bidoni ya lita 20: bidoni 84. Mwache mtoto anayebeba bidoni kichwani kila asubuhi akokotoe mwenyewe. Kisha uliza swali moja tu: yale maji ya bidoni 84 yalikwenda wapi?

Watoke nje wayafuate. Watakuta yamechimba mfereji kando ya choo, yamepita chini ya ukuta wa jirani, yamefika kwenye mtaro wa barabara na kukwama, kwa sababu mtaro umejaa visasheti vya maji ambavyo wao wenyewe walivinywa saa ya mapumziko. Chora ramani yake. Hapo una somo la mmomonyoko, la mafuriko na la kujikinga, na hujagusa chaki. Watakachoamua kufanya waache waamue wao: kupanda nyasi za kushika udongo, kuchimba shimo la kupunguza kasi, kwenda kuzungumza na shefu wa kartie kuhusu mtaro. Wewe kazi yako ni kuhakikisha jambo wanaloamua linaweza kuisha kabla ya muhula kuisha. Mradi unaovuka likizo kubwa umekufa.

Na hapo turudi kwa miti yenu, maana nayo ni hesabu. Desemba ni wakati mzuri wa kupanda huku kwetu, ardhi imelowa. Lakini kuanzia katikati ya mwezi wa nne hadi mwanzo wa mwezi wa kumi ni kama wiki 24 bila mvua ya maana. Mche mmoja mpe lita 5 kwa wiki, kidogo tu. Miti 30 inataka lita 3,600, bidoni 180. Nani alipangiwa kuzibeba? Hakuna aliyepangiwa, kwa hiyo ikafa, na watoto wakajifunza kwamba kutunza mazingira ni sherehe ya siku moja yenye fulana na picha. Pandeni miti sita. Hiyo inataka bidoni 36 kwa kiangazi chote, na kwa watoto 68 ni nusu bidoni na kidogo kwa kila mmoja. Mwezi wa saba na wa nane, shule ikifungwa, mlinzi alipwe kitu kidogo na komite ya wazazi. Weka miiba kuzuia mbuzi. Prefe anaweza kupigwa picha mwezi wa kumi, akiwa kando ya mti uliovuka kiangazi.

Jambo moja nakuomba usilikosee. Watoto wakishapima mvua ya mwaka mmoja watataka kusema: tazama, tabianchi imebadilika. Wakatalie. Mvua ya mwaka mmoja ni hali ya hewa. Wanasayansi wanasema tabianchi wakiwa na wastani wa miaka 30. Watume basi kwa wazee. Waulize: zamani mvua ya kwanza ilikuja lini, mlipanda mahindi mwezi gani, vinkubala, wale viwavi wa kuliwa, vilianza kuuzwa lini, matunda ya masuku yaliiva lini? Utaona wazee wawili wa avenyu moja wanapingana, mmoja anasema mvua ilikuja mwezi wa tisa, mwingine anaapa ni wa kumi na moja. Watoto watacheka. Waache wacheke, kisha waulize kwa nini basi watu walivumbua kipimo na buku. Mimi siwadharau wazee, nami ni mmoja wao sasa, lakini kumbukumbu yangu ya mvua za utotoni ina jua zuri mno.

Usisahau unga. Watoto wako wanakumbuka bei ya bukari ilivyopanda mwaka 2024. Mahindi yetu mengi yanapita Kasumbalesa kutoka Zambia, na mwaka huo mvua ilikatika huko katikati ya msimu. Tarehe 29 Februari rais Hakainde Hichilema alitangaza janga la taifa, na serikali yake ikasema kama hekta milioni 1 kati ya milioni 2.2 za mahindi zimeharibika. Mtoto aliyetumwa dukani akarudi na unga kidogo kuliko jana alikuwa ndani ya habari hiyo bila kuambiwa. Lakini kuwa mkweli nao hapa pia: watafiti walioichunguza walikuta sababu kubwa ya ukame ule ni El Niño, ile hali ya bahari ya Pasifiki kupata joto kila baada ya miaka kadhaa. Si kila ukame ni mabadiliko ya tabianchi. Mtoto akijua hilo kutoka kwako, siku mtu mwingine atakapomwambia kwamba mambo yote haya ni uongo atakuwa na la kumjibu.

Mwisho kuhusu maabara. Kuna jaribio la chupa mbili, moja umetia ndani siki na soda ya kuokea ili itoe gesi ya kaboni dioksidi, unaziweka juani na vipimajoto, ile yenye gesi inapata joto zaidi. Linapendwa sana. Mimi silipendi, kwa sababu joto lile mara nyingi linatokana na gesi nzito kutulia ndani ya chupa, na kioo au plastiki yenyewe inazuia sehemu kubwa ya miale ya joto ambayo gesi hiyo inaimeza. Afadhali uwasimulie Eunice Foote, mama wa Marekani ambaye mwaka 1856, kwa mirija ya kioo, vipimajoto na jua la bure, aliona kaboni dioksidi inapata joto zaidi na kuchelewa kupoa, akaandika kwamba dunia yenye gesi hiyo nyingi ingekuwa na joto zaidi. Miaka mitatu baadaye John Tyndall alipima vizuri zaidi namna gesi zinavyomeza joto, na jina likabaki kwake. Wasichana wa mwaka wa nane wanapenda kuijua habari hiyo, na nusu yao watakasirika. Ni sawa.

Jambo Mama. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa nane, Ruashi. Mwalimu anasema tusikate miti, tusichome taka, tuokoe dunia. Lakini papa yangu anasema nchi zenye viwanda ndizo zilizoharibu, sisi hata umeme hatuna. Nani anasema kweli? — Kijana wa Ruashi

Mwanangu, papa yako anasema kweli, na mwalimu wako hajadanganya.

Anza na papa. Kabla ya viwanda, katika kila sehemu milioni moja za hewa zilikuwepo kama 280 za kaboni dioksidi. Mwaka 1958 walipoanza kupima kila siku juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, zilikuwa kama 315. Sasa zimepita 420. Zilitoka hasa katika makaa ya mawe, petroli na gesi. Ukijumlisha yote tangu mwanzo, Marekani peke yake imetoa karibu robo. Afrika nzima, watu zaidi ya bilioni moja, inatoa chini ya asilimia 4 ya kila mwaka. Kwa hiyo ukiambiwa dunia inakutegemea wewe wa Ruashi uzime taa, una haki ya kucheka, hasa kama taa yenyewe haijawaka tangu juzi. Mwaka 2022, katika mkutano wa Sharm el-Sheikh, nchi zilikubaliana kuwepo mfuko wa kulipa nchi zilizoumizwa. Fuatilia kama pesa inakuja. Hiyo nayo ni kazi ya mwanafunzi.

Lakini hewa chafu inayotoka Kongo haitoki kwenye viwanda, sehemu kubwa inatoka kwenye misitu inayokatwa. Hapo mwalimu wako ana neno. Na msitu ukiisha karibu na Lubumbashi, anayekosa uyoga, masuku, vinkubala na kivuli ni wewe, Marekani hawatahisi.

Kisha kuna jambo ambalo nadhani hata papa yako hajalitaja. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia inatoka katika ardhi yetu, sehemu kubwa upande wa Kolwezi, na inaingia katika betri, zikiwemo za magari yanayosemwa yataokoa hewa. Yale malori yanayokurushia vumbi ukienda shule yamo katika somo hili. Muulize mwalimu: hayo magari safi yanaacha nini kwa watu wa hapa inapochimbwa kobalti yake? Uliza kwa adabu, lakini uliza. Na jibu likiwa gumu, usidhani mwalimu ni mjinga. Watu wazima wenye shahada wanalibishania hilo hadi leo.

Mama Mwalimu, mimi ninauza makala, yaani mkaa wa kupikia, katika soko la Kenya hapa Lubumbashi, na kwa kazi hiyo ninawalipia watoto wanne shule. Binti yangu wa mwaka wa saba amerudi siku moja akaniambia mbele ya wateja: mama, unaua msitu. Niliona haya. Nimwambie nini, na nimwambie nini mwalimu wake? — Mama wa makala

Mama, pole. Kwa mwalimu nitaanza mimi: mwalimu anayemtuma mtoto nyumbani kuwa polisi wa mama yake amekosea, hata kama kila neno la somo lake ni kweli. Mji huu unapika kwa makala kwa sababu umeme haufiki au haukai, na gesi ni ghali. Mwenye mbabula, jiko la makala, hana kesi ya kujibu, na anayemuuzia pia hana.

Kwa binti yako, mkasirikie kidogo kwa kusema mbele ya wateja. Kisha mketishe umfundishe, maana wewe unajua vitu ambavyo kitabu chake hakina. Mwambie mifuko ilikuwa inatoka wapi ulipoanza biashara na sasa inatoka wapi, ni njia ya Kasenga, ya Kipushi au ya Likasi, na lori linatumia siku ngapi. Mwambie wateja wanapenda makala ya mti gani na kwa nini, na kama muputu na mutondo bado vinafika au umeanza kuletewa miti myepesi inayoisha haraka jikoni. Hayo ni maarifa ya miaka mingi, na hakuna chuo kinachoyaandika kila siku kama unavyoyaona wewe.

Halafu mfanye jaribio lenu wawili. Kwa tanuru la udongo la kawaida, kilo 100 za kuni zinatoa kama kilo 10 mpaka 20 za makala. Kila kilo unayookoa jikoni ni kilo 5 hadi 10 za mti. Chukueni mizani yako. Siku moja pikeni maharagwe bila kifuniko, pimeni makala mnayoanza nayo na kila mnayoongeza mpaka yaive. Siku nyingine maharagwe kiasi kilekile, mbabula ileile, ila na kifuniko. Ya tatu, kifuniko na maharagwe yaliyolala kwenye maji usiku kucha. Msibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja, hamtajua kipi kimesaidia. Pikeni nje: mbabula ndani ya chumba kilichofungwa inatoa gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini, na kila msimu wa baridi, mwezi wa sita na wa saba, tunasikia misiba hiyo.

Akishapata namba zake atazipeleka darasani, na watoto wengine watafanya kwao. Ninajua utaniuliza: nikiwafundisha wateja kutumia makala kidogo, nitauza nini? Ni swali la haki. Mama mmoja ninayemfahamu anauza makala na kando yake anauza mbabula za kisasa, zile zenye udongo ndani zinazohifadhi joto, na mteja anarudi kwake kwa vyote viwili. Si kila mtu ana mtaji wa hivyo. Lakini mwalimu akiwa na akili atakualika siku moja mbele ya darasa ueleze hayo ya mifuko na barabara. Nenda umevaa kitenge chako kizuri, na binti yako akae mstari wa mbele.

Shule yetu iko upande wa Kasapa. Watoto wangu wa mwaka wa saba wanachoma majani mwisho wa kiangazi kuwinda panya, kisha Jumatatu nawafundisha kutunza msitu. Niwapige marufuku? — Mwalimu, Annexe

Ukiwapiga marufuku watachoma ukiwa umelala. Panya ni nyama, na uwindaji ni raha. Usiwe adui wa vyote viwili.

Waonyeshe visiki. Miti ya miombo ikikatwa haifi mara moja, inachipua kwenye kisiki na mizizini, na chipukizi hilo lina nguvu kuliko mche wowote utakaoununua. Kinachoua chipukizi ni moto wa mwezi wa nane hadi wa kumi, majani yakiwa yamekauka kabisa na upepo unavuma. Moto wa mwezi wa tano au wa sita, majani bado yana ubichi, unapita chini na kuacha mengi hai. Kila kundi la watoto watano lichague visiki kumi, wafunge uzi wa rangi, wapime urefu wa chipukizi kila mwezi. Wafyeke ukanda wa mita mbili kuzunguka nusu ya visiki, nusu nyingine waache. Panya wawinde mapema, au kwa mitego.

Mwezi wa kumi na moja wapime tena, na matokeo waende kuyasoma mbele ya shefu wa kijiji, kwa Kiswahili, wenyewe bila wewe kuwasemea. Pointi za robo mwaka zitoke hapo, la sivyo wataacha baada ya wiki tatu.